Dola ni ya Nani? Kazi ya Dola katika Itikadi Mbalimbali na Mafunzo ya Historia Yetu

UTANGULIZI

Katika madarasa ya itikadi kuna swali moja ambalo huulizwa mara kwa mara na kujibiwa haraka mno. Swali lenyewe ni hili: kazi ya dola ni nini? Wengi hujibu kwamba mabepari wanataka dola ndogo na wajamaa wanataka dola kubwa. Kwamba palipo na mashirika ya umma pana ujamaa, na palipo na soko pana ubepari. Jibu hili ni rahisi kulikariri, na ndiyo sababu limeenea sana. Lakini historia hailikubali. Kada anayelishika jibu hili atashindwa kueleza kwa nini dola ya Mussolini, adui mkubwa wa wafanyakazi wa Italia, ilikuja kumiliki viwanda na mabenki mengi. Atashindwa kueleza kwa nini serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ni ardhi ya umma mwaka 1923. Tena atashindwa kueleza kwa nini mwaka 2008 serikali ya Uingereza, nchi iliyojigamba kuwa mama wa soko huria, ilinunua sehemu kubwa ya mabenki yake ili yasianguke.

Makala haya yanakusudia kulichambua swali hilo kwa kufuata historia yenyewe. Tutaanza na maana ya dola. Kisha tutazitazama itikadi kuu zilizopata kushika madaraka, yaani uliberali, ufashisti na ujamaa wa Urusi, na jinsi kila moja ilivyoitumia dola. Mwisho tutarudi nyumbani, kwanza katika dola ya kikoloni na halafu katika dola iliyotokana na Uhuru na Azimio la Arusha, ili tuone ni mafunzo gani yanayomhusu kada wa leo.

I. MAANA YA DOLA

Hatuna budi kutenganisha serikali na dola. Serikali hubadilika: mawaziri huingia na kutoka, marais huchaguliwa na kustaafu. Dola ni vyombo vinavyobaki: jeshi, polisi, mahakama, magereza, watoza kodi, na jeshi kubwa la watumishi waliokaa nyuma ya meza. Vyombo hivi vina uwezo ambao mtu mwingine yeyote katika jamii hana: uwezo wa kuamuru, na kumlazimisha asiyetii.

Jamii nyingi za Afrika ziliishi muda mrefu bila vyombo vya aina hiyo. Wazee waliamua mashauri barazani, na vijana wa rika moja walilinda mifugo na mipaka. Palipotokea ziada ya mazao, njia za biashara na tabaka la watu wanaokula bila kulima, hapo ndipo dola zilipojitokeza. Friedrich Engels alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1884 juu ya asili ya familia, mali ya binafsi na dola: kwamba dola haikuwako tangu milele, na kwamba ilizaliwa pale jamii ilipogawanyika katika matabaka yenye masilahi yasiyopatana.

Basi tukitaka kuipima dola yoyote tusianze kwa kuuliza ni kubwa au ndogo. Tuulize maswali matatu. Kwanza, dola inamlinda nani dhidi ya nani? Pili, mali iliyo mikononi mwa dola inazalisha kwa faida ya nani? Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, je, wale wanaotawaliwa wana njia ya kumhoji na kumwondoa anayewatawala?

II. ULIBERALI NA HADITHI YA DOLA NDOGO

Itikadi ya uliberali ilikomaa Uingereza pamoja na ubepari wenyewe. Mwaka 1776 Adam Smith alitoa kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, na ndani yake aliipa dola kazi tatu: kuilinda nchi na maadui wa nje, kusimamia haki, na kujenga kazi za umma ambazo mtu binafsi hawezi kuzijenga kwa faida. Mambo mengine aliyaachia soko. Katika karne ya 19 dola ya namna hii ilipewa jina la dhihaka, ikaitwa mlinzi wa usiku: kazi yake ni kuzunguka na kurunzi kulinda mali za wenye nyumba.

Lakini mlinzi huyo hakuwa mnyonge hata kidogo. Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wakulima kwa pamoja, na wakulima hao wakageuka kuwa vibarua wa viwandani. Sheria za 1799 na 1800 ziliwapiga marufuku wafanyakazi kuungana kudai ujira bora. Sheria ya uchaguzi ya 1832 ilipanua haki ya kura, lakini wafanyakazi wengi na wanawake wote waliachwa nje. Na pale Uchina ilipokataa kasumba ya wafanyabiashara wa Kiingereza, manowari za dola hiyo hiyo zilikwenda kulifungua soko kwa mizinga katika vita vya 1839 hadi 1842. Huo ndio uliokuwa uhuru wa biashara.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Mwaka 1888 mfalme wa Uingereza wa wakati ule, Malkia Victoria, alitoa hati kwa kampuni ya Kiingereza itawale na kufanya biashara katika Afrika Mashariki. Kampuni ilishindwa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikalichukua eneo hilo moja kwa moja. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza kwa fedha ya serikali, si ya kampuni, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini. Gharama ilibebwa na umma wa Uingereza na jasho la Wahindi na Waafrika. Faida ilikwenda kwa walowezi na makampuni. Hivyo dola ya kiliberali ilikuwa ndogo kwa mtu mwenye njaa na kubwa kwa mtu mwenye mtaji.

Hali hii haikuisha pamoja na ukoloni. Mwaka 1973 nchini Chile jeshi la Jenerali Pinochet lilimpindua Rais Salvador Allende, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura. Baada ya hapo serikali iliuza mashirika ya umma na kufungua soko, na wakati huo huo ikajaza wapinzani magerezani na kuwatesa. Dola ilipungua katika hospitali na viwanda, ikaongezeka katika kambi za jeshi. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani na Ulaya yalipokaribia kufilisika kwa ulafi wao, Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa. Wale waliokuwa wakizihubiria nchi maskini kwamba serikali isiguse soko walinyamaza kimya.

III. DOLA INAYOTOA HUDUMA NA DOLA INAYOMEZA KILA KITU

Mabepari wa Ujerumani walijifunza mapema kwamba rungu peke yake halitoshi. Mwaka 1878 Kansela Bismarck alipitisha sheria ya kuvipiga marufuku vyama na magazeti ya wasoshalisti. Kisha akaleta bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya uzee mwaka 1889. Nia yake haikufichika: mfanyakazi aitazame dola kama baba yake, asikitazame chama chake. Bismarck huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, kampuni ya Carl Peters ilipewa hati ya kulitwaa eneo letu. Huduma kwa mfanyakazi wa Berlin na mijeledi kwa mkulima wa Pangani zilitoka katika ofisi moja.

Tusidharau lakini faida ambazo wafanyakazi wamezipata kwa kuibana dola ya kibepari. Serikali ya chama cha Labour iliyochaguliwa Uingereza mwaka 1945 ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe mwaka 1947, na mwaka 1948 ilianzisha huduma ya afya ya taifa ambayo mgonjwa hakulipia mlangoni. Mambo haya hayakuwa zawadi. Yalitokana na nusu karne ya migomo, vyama vya wafanyakazi, na vita viwili ambamo watu wa kawaida walikufa kwa mamilioni.

Ufashisti ulikwenda njia nyingine. Mussolini alitwaa serikali ya Italia mwezi Oktoba 1922. Mwaka 1924 mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti aliuawa na wafuasi wa Mussolini baada ya kufichua bungeni hila za uchaguzi. Mwaka 1926 sheria ilipiga marufuku migomo. Itikadi ya kifashisti ilisema kwamba hapana tabaka, kuna taifa tu, na kwamba mwajiri na mwajiriwa wote ni askari wa dola. Mwaka 1933, mabenki ya Italia yalipoyumba, dola iliunda shirika kubwa lililozichukua hisa zao, na kwa njia hiyo ikawa mmiliki wa sehemu kubwa ya viwanda vya chuma, meli na simu. Miaka miwili baadaye viwanda hivyo vilikuwa vikihudumia jeshi lililoivamia Ethiopia na kutumia gesi ya sumu juu ya wananchi wake.

Hapa pana fundisho la kwanza kubwa. Dola ya Mussolini ilimiliki mali nyingi, na bado haikuwa na chembe ya ujamaa. Swali la kwanza na la tatu tuliyoyataja yanatoa hukumu: dola hiyo iliwalinda wenye viwanda dhidi ya wafanyakazi, na mfanyakazi hakuwa na njia yoyote ya kumhoji mtawala. Mali kuwa mikononi mwa dola si ushahidi kwamba ni mali ya watu.

IV. DOLA YA WAFANYAKAZI: PARIS NA URUSI

Karl Marx aliiona dola ya kisasa kama kamati ya kuendesha shughuli za ubwanyenye kwa jumla. Lakini wafanyakazi wakishika madaraka waifanye nini dola hiyo? Marx hakulitunga jibu mezani. Alilipata kwa wafanyakazi wa Paris. Tarehe 18 Machi 1871 wananchi wa mji huo waliwazuia wanajeshi kuchukua mizinga yao, serikali ikakimbilia Versailles, na watu wakachagua Komuni yao. Komuni iliweka mambo mawili ambayo kila kada anapaswa kuyajua. Viongozi wote walichaguliwa na wangeweza kuondolewa wakati wowote na waliowachagua. Na mshahara wa juu wa mtumishi wa umma uliwekewa kikomo cha faranga 6,000 kwa mwaka, ili uongozi usiwe njia ya utajiri.

Komuni iliishi siku 72. Iliiacha Benki ya Ufaransa bila kuigusa, na benki hiyo ikaendelea kuigharimia serikali ya Versailles. Mwishoni mwa Mei jeshi liliingia mjini na kuua watu kwa maelfu mengi. Wanamapinduzi wengi walitoa fundisho kwamba wafanyakazi wanahitaji dola yao yenye nguvu. Mikhail Bakunin, kiongozi wa wale waliotaka dola ifutwe mara moja, alitoa onyo kinyume chake: kwamba wafanyakazi watakaopewa dola watageuka kuwa mabwana wapya. Mgogoro huo uliigawa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi katika mkutano wa Hague mwaka 1872.

Historia ya Urusi iliyapima mawazo yote mawili. Mwaka 1917, akiwa mafichoni, Lenin aliandika kitabu juu ya dola na mapinduzi, akiichukua Komuni kama mfano: kuchagua, kuondoa, na mshahara wa mfanyakazi. Mapinduzi ya Oktoba mwaka huo yalitoa madaraka kwa mabaraza ya wafanyakazi, askari na wakulima. Lakini mara zikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, uvamizi wa majeshi ya kigeni, na njaa. Kamati za viwandani zilibadilishwa zikawekwa amri za meneja mmoja. Mwezi Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa mstari wa mbele mwaka 1917, walidai uchaguzi mpya wa mabaraza, wakashindwa kwa nguvu za jeshi. Katika maandishi yake ya mwisho ya 1922 na 1923 Lenin mwenyewe aliushambulia urasimu uliokuwa umeota ndani ya dola mpya, na akataka ukaguzi wa wafanyakazi na wakulima uimarishwe. Alikuwa mgonjwa, na alifariki Januari 1924.

Chini ya Stalin dola ilimiliki karibu kila kitu. Tusiyafiche mafanikio: mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928, na nchi iliyokuwa ya jembe ikawa nchi ya viwanda iliyoweza kulivunja jeshi la Hitler ifikapo 1945. Wala tusiufiche ukweli wa pili: wakulima walilazimishwa kuingia katika mashamba ya pamoja kuanzia 1929, na njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni. Mkulima hakuwa na baraza la kusema hapana. Na dola hiyo ilipoanguka Desemba 1991, mali iliyoitwa ya watu wote iligawanywa katika miaka michache, na mapande manono yakaangukia mikononi mwa watu wachache, wakiwamo mameneja na wakubwa waliokuwa wakiisimamia. Wafanyakazi hawakuinuka kuitetea kwa wingi. Mtu hakitetei kwa moyo kitu ambacho hakuwahi kuona kuwa ni chake.

V. DOLA YA KIKOLONI KATIKA NCHI YETU

Sisi hatukuirithi dola kutoka kwa wazee wa barazani. Tuliirithi kutoka kwa Mjerumani na Mwingereza. Kampuni ya Carl Peters ilijaribu kuushika mwambao mwaka 1888, ikapingwa na wananchi chini ya Abushiri na Bwana Heri. Hapo dola ya Kijerumani iliingia kwa jeshi, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na kuanzia 1891 serikali yenyewe ikatawala. Kodi ya nyumba ya mwaka 1897 iliwalazimisha watu kutafuta fedha kwa kazi ya vibarua au kwa mazao ya kuuza.

Kuanzia 1902 serikali hiyo iliamuru yalimwe mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida, katika wilaya za kusini-mashariki. Kwa jina yalikuwa mashamba ya kijiji. Kwa kweli mkulima alitoa siku zake, akapata senti chache au asipate kitu, na hakuulizwa neno. Mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuchoma vyakula, huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Mwingereza alikuja na maneno laini zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Neno "umma" lilikuwamo katika sheria, lakini umma wenyewe haukuwamo. Mwaka 1951 serikali hiyo iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu hapakuwa na baraza lolote nchini ambamo Mmeru angeweza kumwajibisha Gavana.

Mpango wa karanga wa 1947 ulitoa fundisho la aina nyingine. Serikali ya Labour, ile ile iliyotaifisha migodi kwao, iliamua kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo kwa fedha ya dola. Nia ilikuwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Matrekta yaliletwa kabla ya mvua na udongo kuchunguzwa vizuri, na wakulima walioijua nchi hiyo hawakuulizwa. Mpango uliachwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Dola ilikuwa ya wasoshalisti, mtaji ulikuwa wa umma, na matokeo yalikuwa magugu na vyuma chakavu.

VI. AZIMIO LA ARUSHA NA SWALI LA TATU

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliwapa wananchi serikali, lakini vyombo vya dola vilibaki na umbo lao la zamani. TANU ililitambua jambo hili. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilisema kwamba njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi kwa kutumia vyombo vya serikali na ushirika. Siku iliyofuata mabenki yalitaifishwa, yakafuatiwa na bima, biashara ya nje na ya jumla, na viwanda vikubwa. Lakini waasisi wa Azimio hawakuishia hapo, na hili ndilo lililolitofautisha na utaifishaji wa kawaida. Waliweka masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Walijua kwamba mali ikitoka kwa kabaila na bepari na kukabidhiwa dola, anayeishika dola atapata kishawishi kipya.

Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikwenda mbele zaidi. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliichukua ibara hiyo kama silaha yao. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa viliingia katika migomo isiyodai nyongeza ya mshahara bali heshima, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia nje mameneja waliowatukana. Hapo swali letu la tatu lilitoka vitabuni likasimama langoni mwa kiwanda. Baadhi ya mameneja waliondolewa. Mahali pengi lakini wafanyakazi ndio waliofukuzwa kazi, wakisukumwa na dola iliyokuwa imewapa Mwongozo.

Vijijini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika Ruvuma wakulima walikuwa wameanza mapema miaka ya 1960 kujenga vijiji vya pamoja kwa hiari yao, Litowa ikiwa cha kwanza, na waliviunganisha katika Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walilima, walijenga shule, waliendesha kinu, na waliamua mambo yao katika mikutano. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, dola ilihamishia mamilioni ya watu vijijini kwa operesheni, na mahali pengine kwa nguvu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilizochaguliwa ziliondolewa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kikiwamo kile cha Kilimanjaro kilichokuwapo tangu 1933. Kazi yao ikapewa mamlaka za mazao zenye makao makuu mijini.

Kada mwaminifu hana budi kuzisoma kurasa zote mbili za daftari hili. Ukurasa wa kwanza unaonyesha elimu ya msingi iliyotangazwa kwa wote, kampeni ya kisomo cha watu wazima iliyosifiwa duniani, zahanati na visima vilivyofika mahali ambapo Gavana hakuwahi kufikiri kuvipeleka, na taifa lenye umoja. Hakuna shirika la kibepari ambalo lingefanya hayo. Ukurasa wa pili unaonyesha kwamba kila mara dola ilipovivunja vyombo ambavyo wakulima na wafanyakazi waliviendesha wenyewe, uzalishaji ulidhoofika na umangimeza ulinawiri. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba kuziondoa serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Vyote viwili vilikwisha kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982.

Hayo hayakutokea ndani ya chupa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, ukame ulipiga, bei za mazao yetu zilianguka katika soko ambalo hatukulitawala, na vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya nchi. Tukiyasahau haya tutakuwa tunarudia wimbo wa mabeberu kwamba ujamaa ulishindwa wenyewe. Lakini tukiyatumia kufunika urasimu tutakuwa tunajidanganya.

VII. TUNAJIFUNZA NINI

Mwaka 1986 serikali ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 uamuzi wa Halmashauri Kuu mjini Zanzibar uliyalegeza masharti ya viongozi. Mwaka 1992 ulirudi mfumo wa vyama vingi, na ubinafsishaji wa mashirika ya umma ukaanza kwa kasi. Baadhi ya mashirika yalikuwa mzigo mtupu. Mengine yalikuwa na viwanda hai vilivyogeuzwa kuwa maghala. Kwa vyovyote mfanyakazi wa shirika hakuulizwa lilipouzwa, kama ambavyo hakuulizwa lilipokuwa likifilisiwa. Itikadi ilikuwa imebadilika, lakini jibu la swali la tatu lilibaki lile lile.

Kutokana na historia hii tunafikia maamuzi matatu. La kwanza: ugomvi wa dola kubwa na dola ndogo ni ugomvi wa kupoteza watu njia. Mabepari hawaichukii dola. Wanachukia dola inayowatoza kodi na kuwalinda wanyonge. La pili: umilikaji wa dola ni sharti moja la ujamaa, lakini peke yake hautoshi, kwani Mussolini alikuwa nao, na Gavana wa 1923 alikuwa nao. La tatu: kinachoigeuza mali ya dola kuwa mali ya watu ni uwezo wa watu hao kuhoji, kukagua na kuondoa.

Uwezo huo hauko mbali. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tofauti kati ya neno "umma" la 1923 na neno "umma" la 1999 imo ndani ya mkutano huo. Mkutano ukiitishwa kwa wakati, mapato na matumizi yakasomwa, na mwanakijiji akasimama kuuliza bila woga, basi dola imeanza kuwa yake. Mkutano usipoitishwa, muhtasari ukaandikwa ofisini na sahihi zikakusanywa nyumba kwa nyumba, basi tumerudi kwa jumbe na akida, hata kama ukutani kuna picha za viongozi wetu.

Kwa hiyo kazi ya kada ni ya wazi. Ahakikishe mkutano mkuu unafanyika kila robo mwaka. Adai taarifa ya fedha ibandikwe mahali pa wazi. Amlinde mtu anayeuliza swali gumu, hasa swali hilo linapomhusu kada mwenyewe. Na katika darasa lake lijalo, kabla ya kufundisha dola ni nini, awaulize wanafunzi wake ni lini mara ya mwisho waliposomewa mapato na matumizi ya kijiji au mtaa wao.